Mwito Usio na Mwenyewe

Watu waliokuja kuutazama mchezo wetu walifanya kila kitu isipokuwa kutazama, na mimi siwalaumu. Ningekuwa mimi nimekalishwa juu ya robota la tumbaku, goti langu linagusana na goti la mwanamke anayelia, nami nisijue kama analia kweli au anaigiza, labda ningempa maji kama yule mama wa sokoni alivyofanya. Labda ningetoka nje kwa hasira kisha nichungulie dirishani kama katekista. Lakini sikuwa mtazamaji. Mimi ndiye niliyekuwa nikilia, na nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka maishani mwangu.

Niseme kwanza uchovu ule ulitoka wapi. Nilikuwa mke wa dereva. Baba yangu alivuka mpaka kutoka upande wa Kongo na chumvi na vitenge, akafungua duka Arua, na hapo dukani ndipo kijana mmoja wa Logiri, dereva wa lori la tumbaku, aliponiona nikipima chumvi. Tulioana, tukapanga chumba mjini, hatukupata mtoto. Mwaka wa sabini na tatu aliondoka na mzigo kwenda Kampala. Lori lilipatikana ng'ambo ya daraja la Pakwach, mlango wazi, ufunguo mahali pake, tumbaku yote imo. Mtu hakuwamo. Nani alimchukua, kwa kosa gani, sikuambiwa wakati ule na sijaambiwa hadi leo. Miaka ile mtu hakuuliza mara mbili. Mwenye lori alilirudisha lori lake Arua, akaajiri dereva mwingine, basi.

Utadhani hapo nikawa mjane. Thubutu. Kwa Walugbara, watu wa mume wangu, kila mwanamume mzima ana mwito wake, wenyewe wanauita cere. Ni sauti ndefu, nyembamba, haina maneno. Mtu huitoa akirudi nyumbani kutoka kwenye pombe, au akiwa bado mbali njiani, ili watu wa kwake wajue ni yeye anayekuja. Hakuna miito miwili iliyo sawa. Wa mume wangu ulianzia chini, ukapanda mara tatu, na mwisho wake ulibaki juu hukohuko, haukushuka; nilikuwa nikiusikia naweka sufuria jikoni. Mtu mwingine haruhusiwi kuutoa mwito huo mwenyewe akiwa hai. Ni sawa na kumtakia kifo. Siku moja tu inaruhusiwa, nayo ni siku mwenyewe akifa: mrithi wake husimama mbele ya watu akauita, na hapo ndipo kila mtu hujua kwamba fulani hayupo tena. Bila huo mwito hakuna msiba, hakuna mjane, hakuna chochote.

Mrithi wa mume wangu alikuwa mdogo wake, shemeji yangu. Na mama yao alimkataza. Alisema mwanawe yuko hai mahali fulani, na mtu aliye hai ana mke na ana shamba. Kwa hiyo siku tano za juma nilikuwa ghalani Arua nikichambua tumbaku, majani ya rangi hii huku, ya rangi ile kule, vidole vyeusi kwa utomvu usiotoka hata kwa majivu. Jumamosi nikashika njia ya Logiri kwenda kulima muhogo wa mtu asiyekuwapo. Jumapili jioni nikarudi mjini. Miaka mitatu. Wazazi wangu walikuwa wamefunga duka na kurudi kwao, ng'ambo ya mpaka, na sikuweza kuwafuata. Mke haondoki nyumbani kwa mumewe ati kwa sababu mume amekawia safarini.

Mimi nilijua amekufa. Nilijua siku ile lori liliporudi na ufunguo ndani yake. Mume wangu hakuwa mtu wa kuacha ufunguo. Hata akienda haja kichakani alikwenda nao mfukoni. Lakini mkwe haambiwi neno kama hilo. Mama mkwe wangu na mimi tulisemezana Kiswahili cha sokoni, kwa kuwa Kilugbara changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, na kwa Kiswahili kile tulizungumza mvua, jembe, na panya wanaokula muhogo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, asiyependa kucheka. Alinipa chakula kingi na maneno machache. Nilimwogopa, na ukitaka ukweli nilianza kumchukia.

Basi akaja mwalimu. Alikuwa mtu wa mashariki ya nchi, anafundisha shule moja ya mjini, na alikuwa amepelekwa ng'ambo kusomea muziki. Wanawake wa ghalani tulikuwa tunaimba tukichambua, maana bila kuimba mtu angelala usingizi palepale. Mwalimu alitusikia akipita, akaingia na viatu vyake vilivyong'aa, akasimama katikati ya vumbi la tumbaku akipiga chafya. Alituambia kuwa kule ng'ambo kuna mchezo unaoitwa opera, ambamo watu hawasemi hata neno moja, wanaimba tu tangu mwanzo hadi mwisho. Nyingi huchezwa kwenye majumba makubwa, waimbaji mbali juu ya jukwaa. Lakini aliona moja iliyochezwa ndani ya chumba kidogo, waimbaji wamechanganyika na watu, hakuna jukwaa, hakuna pazia, na mzee aliyekaa kando yake alilia mpaka akavua miwani. Hicho ndicho alichotaka kukifanya Arua, na alikitaka ndani ya ghala letu.

Hadithi akaitafuta kwa wenzangu, nao wakampa yangu. Nilipozisikia nyimbo alizotunga mara ya kwanza nilikasirika. Alikuwa amemgeuza dereva kuwa mchuuzi wa ng'ombe, akadhani amemficha. Nilimwambia kwamba mtu mwenye adabu huomba kabla ya kuchukua. Aliinamisha kichwa kama mwanafunzi, akasema nikikataa atachana karatasi zote. Alikuwa mtu mwema, yule mwalimu, ila wema wake haukuwa na macho.

Nilikubali kwa sababu mbili, na ya kwanza ni ya aibu: wakati wa mazoezi tulikaa. Saa nzima, kila jioni baada ya kazi, mtu anakaa chini na kupewa chai. Ya pili ni kwamba ulikuwamo wimbo ambao mke anamwimbia mama mkwe wake maneno yote niliyokuwa nimeyameza. Kwamba mwanao amekufa. Kwamba niache nikae chini, nimlilie, kisha niende kwetu. Yale ambayo nisingeweza kuyasema Logiri hata kwa kufungwa kamba, ghalani niliruhusiwa kuyaimba kwa sauti kubwa, na mtu akinipigia adungu, kile kinanda chetu cha nyuzi.

Mama mkwe wa mchezoni alikuwa bibi mmoja mchambuaji, mcheshi ajabu, aliyekuwa mama mkwe kweli wa wanawake wanne na aliijua kazi ile barabara. Shemeji yangu naye alikuwa mpakia mizigo palepale ghalani, ana sauti ambayo ungeweza kuipakia kwenye lori. Akapewa kuwa mdogo wa mchuuzi. Mwishoni mwa mchezo alitakiwa asimame kinyume cha amri ya mama yake na kuuita mwito wa kaka yake.

Mwalimu aliposoma sehemu hiyo wanawake wote waliinuka. Wengine walikuwa wameshafika mlangoni. Mwito wa nani? Wa mchuuzi. Mchuuzi yupi? Huyu wa mchezo. Huyo hana mwito, maana hayuko. Mwalimu akacheka, akasema basi tutunge wowote, ni sauti tu. Ilichukua siku nzima kumwelewesha kwamba hakuna mwito wowote, kila mwito una mwenyewe, na ukitunga kwa kubahatisha unaweza ukaua mtu wa watu bila kujua. Ikabidi shemeji atunge polepole, na wazee waje wasikilize. Mwito wa kwanza, mzee mmoja wa Onduparaka aliinua fimbo akasema huo ni wa mjomba wake, na mjomba wake mzima wa afya. Wa pili ulikaribiana na wa mtu wa Omugo. Wa tatu ulianzia juu ukaporomoka moja kwa moja mpaka chini, mwito mbaya sana, hakuna mwanamume mwenye akili timamu ambaye angeuchagua. Wazee walitikisa kichwa, wakasema huo hauna mwenyewe. Chukueni.

Tulicheza mara ya kwanza Jumapili mchana, baada ya kanisa, nami nilikuwa nimetoka Logiri alfajiri. Watu walikaa juu ya marobota na mikeka, wametuzunguka, sisi katikati tumebaki na nafasi ndogo kama ya kutandikia mkeka mmoja. Joto lilikuwa kali na harufu ya tumbaku ilikaba koo. Mchuuzi alipoanza kuimba kwamba ana kiu, anaomba maji kabla ya safari, watu waliangua kicheko. Hawakuwa wamewahi kuona mtu mzima anaomba maji kwa wimbo. Aliimba tena, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa, na tena. Mara ya tatu mama mmoja wa sokoni akasimama na kikombe chake mwenyewe.

"Huyu bwana iko na kiu," alituambia, "na nyinyi munaimba tu."

Mchuuzi akanywa, angefanya nini. Kuanzia hapo hatukuweza kuwarudisha watu mahali pao. Vijana wa Onduparaka walikuwa wamekuja kundi zima na kukaa upande mmoja, kama walivyozoea kwenye kiwanja cha mpira, na walinishangilia kila nilipofungua mdomo. Bibi alipoimba kwamba mwanawe yu hai, walimzomea. Mmoja akamwamuru atoke nje, eti amecheza rafu. Bibi alimjibu kwa wimbo, kwa ufundi mkubwa, kwamba na yeye ana mama nyumbani. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakati huohuo mzee mmoja alikuwa akimsihi bibi kwa upole, amemshika mkono, akimweleza kama jirani anavyomweleza jirani kwamba ukaidi huu utamuumiza mkwe wake. Bibi alisahau wimbo.

Katekista alisimama akasema ni dhambi kumlilia mtu kwa mchezo. Akatoka. Lakini niliona kichwa chake dirishani mpaka mwisho, na shemeji alipoinuka kuuita ule mwito mbaya, katekista aliziba masikio, kisha akayazibua kidogo ili ahakikishe. Watu wote walifanya vivyo hivyo. Walishusha pumzi waliposikia kuwa haukuwa wa mtu wanayemjua, kisha wakalia kwa nguvu, pengine kwa raha ya kujua kwamba safari hii si wao. Wimbo wangu wa mwisho, ambao mke anamuaga mama mkwe na kwenda kwao, niliuimba katikati ya kelele na hakuna aliyeusikia. Mwalimu alikuwa anatokwa jasho na machozi pamoja. Alinishika mikono akasema hata ng'ambo hakuwahi kuona watu wakiitikia hivyo. Nilimwambia nataka kwenda kulala.

Majuma matatu baadaye tulichukuliwa kwenda Koboko, kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja Mnubi. Walikuja wanawake wengi, wamejifunga gurbaba, zile nguo zao nzurinzuri za kujitanda, manukato yao yakishindana na harufu ya mafuta ya ufuta. Wanaume walikuwa wachache. Wengine walikuwa askari waliokuwa likizo, waliokaa karibu na mlango. Tulianza. Mchuuzi akaomba maji mara tatu na hakuna aliyempa. Bibi akaimba ukaidi wake wote na hakuna aliyemzomea. Niliimba huku uso wa mwanamke mmoja ukiwa hatua moja tu kutoka wangu, naona nukta za wanja, na hakupepesa hata jicho. Shemeji alipouita mwito, askari mmoja alivua kofia akaiweka juu ya goti. Ni hilo tu. Tulipomaliza waliinuka wote, wakatoka taratibu, viatu vikasikika, mlango ukabaki wazi. Mwalimu alijikunyata juu ya gunia akasema tumeshindwa, hawakuelewa kitu.

Asubuhi, tukiwa tunapakia ngoma, walianza kuja. Mmoja mmoja, si pamoja, kila mmoja akihakikisha wa kabla yake ameshaondoka. Hawakumtaka mwalimu. Walinitaka mimi. Wa kwanza alijifanya amekuja kuuza mayai, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyo mchuuzi angeweza kurudi baadaye, kwenye sehemu ya pili. Nilimwambia hakuna sehemu ya pili. Wa pili aliniuliza nilingoja miaka mingapi. Wa tatu hakuuliza kitu. Alinishika mkono, akautazama weusi wa vidole vyangu, akaondoka. Walikuwa saba au wanane. Sikujua mji mdogo kama ule ungeweza kuwa na wangojaji wengi hivyo, tena mji ambao wengine walidhani una bahati wakati ule, kwa kuwa rais mwenyewe alikuwa mtu wa huko. Nilipanda lori nikiwa mzito kama niliyepakiwa mizigo ya watu. 

Habari zilitutangulia. Tulipotangaza kucheza Arua mara ya pili, watu hawakuja mikono mitupu. Walikuja na kuni vichwani. Walikuja na unga wa muhogo kwenye vikapu, na vibuyu vya maji, wakavipanga nje ya ghala kama vinavyopangwa mahali penye msiba. Mwalimu aliwauliza ni vya nini. Wakamtazama kama mtu asiyefundishwa na mama yake. Alifurahi, akaandika kwenye daftari. Mimi nilianza kuogopa.

Watu walikuwa wamejaa mpaka dirishani, na waliochelewa walisukumwa mbele, katikati, kwenye mkeka uleule tuliouchezea. Tulikuwa tumeshaanza nilipomwona mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Logiri, vumbi mpaka magotini. Mtu alimsogeza, mwingine akamkalisha, na hapo alipokalishwa ni karibu na miguu ya mwanawe. Hakuna aliyemwalika. Bila shaka alikuwa amesikia kwamba mjini watu wanamzomea mama mmoja mkaidi, akaja kumwona huyo mama ni nani.

Mwanzoni nilitaka kukimbia. Mlango ulikuwa mbali. Shemeji naye alikuwa amemwona, shingo yake imekakamaa. Mchuuzi akapewa maji, watu wakacheka, mchuuzi akaenda safari yake. Zamu yangu ikafika. Nilitakiwa kumwimbia bibi, na bibi alikuwa amekaa nyuma ya bega la mama mkwe wangu, kwa hiyo nikimtazama mmoja namtazama na mwingine. Niliimba. Sauti ilitoka ndogo sana, na watu wakanyamaza ili waisikie. Mwanao amekufa, mama. Niache nikae chini. Mama mkwe wangu alinitazama usoni wakati wote, na uso wake haukuniambia chochote. Bibi akajibu wimbo wake wa ukaidi. Vijana wa Onduparaka walianza kuzomea, kisha wakaacha wenyewe, maana nadhani kuna mtu aliwanong'oneza aliyekaa pale mkekani ni nani.

Shemeji akainuka. Alikuwa juu ya mama yake kabisa, kivuli chake kimemfunika. Akavuta pumzi. Ule mwito mbaya uanzao juu, tuliouzoea, haukuja. Sauti yake ilianzia chini. Ilipanda mara moja, ikapanda mara ya pili, ikapanda ya tatu, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Alikuwa amejiziba mwenyewe kwa mkono.

Nilijua, hata kabla haijapanda mara ya pili. Baadaye aliniapia kwamba hakukusudia, kwamba alipofungua mdomo na kumwona mama yake pale chini ule mwingine ulimtoka kichwani kabisa, ukabaki huu tu. Namwamini. Wakati ule sikuamini wala kutoamini. Nilishika bega la mtu aliyekuwa karibu. Mwalimu hakujua kitu, aliendelea kupiga ngoma peke yake mpaka bibi alipomwekea mkono juu ya ngozi ya ngoma. Ghala zima liligeuka kumtazama mama mmoja mwembamba aliyekaa mkekani, maana mwanawe alikuwa ameuawa hapohapo, mbele yake, na mwanawe mwingine. Neno lililotoka halirudi. Angemlaani kijana yule, hakuna ambaye angemlaumu.

Aliongea bila kuinua kichwa, kwa kile Kiswahili cha sokoni, labda ili nami nisikie.

"Umeikata," alimwambia. "Yeye alikuwa namaliza juu. Ita mpaka mwisho."

Shemeji alilia, akakataa kwa kichwa. Mama yake alimwambia tena, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniambia nayo mimi habari za panya. Basi akaita. Akauanza upya kutoka chini, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwisho ukabaki juu hukohuko, haukushuka, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilitazama mlangoni kumwona akiingia.

Wanawake wakapokea kilio. Kilitoka ghalani kikaenda nje kwa wale wa dirishani, wakakipokea nao. Katekista safari hii hakutoka. Vijana wa kiwanjani walianza kuingiza kuni bila kuambiwa na mtu. Watu wote wale, waliokuja kuona opera ya mwalimu, walimlilia mume wangu ambaye wengi wao hawakumjua, na walimlilia vizuri, kwa haki. Mwalimu alinitazama kwa macho mekundu, akanipa ishara ya mkono. Ulikuwa umebaki wimbo wangu wa mwisho, wa kuaga. Nilitikisa kichwa. Sikuwa na wimbo wala chozi. Nilikuwa nimelia mbele za watu kwa mazoezi miezi miwili, na siku yenyewe ilipofika hakukuwa na kitu. Nikakaa chini tu.

Mama mkwe wangu alisogea mkekani mpaka akanifikia. Miaka yote ile hakuwahi kunigusa. Alichukua mkono wangu akaushika mapajani mwake, akainama sikioni mwangu kwa sababu ya kelele.

"Mutoto yangu," alisema, "mimi nilijua tangu siku lori ilirudi. Ufunguo ilikuwa ndani. Mimi nilijua. Mimi nilikuwa naogopa tu wewe utaenda."

Kwa hiyo kumbe tulikuwa wawili tuliojua. Jumamosi zote zile tulikuwa tunalima wawili shamba la mfu, kila mmoja akimficha mwenzake, mimi nikidhani ninamsaidia kumngoja mwanawe, yeye akinishikilia kwa jembe. Nilipata hasira, nakiri. Miaka mitatu ya mgongo wangu. Kisha hasira ikaisha kabla sijaitumia, kwa uchovu, nikakilaza kichwa begani pake, na watu wakadhani hapo ndipo nililia.

Tulikaa matanga Logiri, hakuna mwili, hakuna kaburi. Mchezo haukuchezwa tena. Shemeji hakutaka kunirithi wala mimi sikutaka, alikuwa na mchumba wake, na wazee hawakutusumbua. Mwezi uliofuata nilifunga nguo zangu. Mama mkwe hakunikataza, hakutoa hata sababu moja ya kunibakisha, na muhogo ulikuwa umekomaa kabisa, angeweza. Aliubeba mzigo wangu kichwani mpaka barabarani, mimi nikifuata nyuma mikono mitupu kama mgeni. Lori la mpakani likasimama. Alinipakilia mzigo, akaukaza kamba mwenyewe, akajaribu kama umekaza. Hakuniuliza nitarudi lini, na mimi sikumdanganya.